Boti ya Saanane, na deni langu kwa swala wa 1979

Nimezaliwa Igogo, hapa Mwanza, na utoto wangu wote nilikuwa nikitoka nje asubuhi kumwaga maji nakiona Kisiwa cha Saanane kimejilaza ziwani kama kiboko anayeota jua. Nilikwenda huko mara moja, mwaka 1978, nikiwa darasa la pili. Sikurudi tena mpaka Jumamosi ya Machi 29 mwaka huu wa 2025. Wenzangu wananishangaa. Kisiwa ni dakika kama kumi kwa boti, na mimi nauza dagaa mwaloni Kirumba, ziwa ndilo linalonilisha. Nilikuwa na sababu yangu na nitaieleza, lakini nianze na habari za safari, maana najua wengi wenu mnataka kwanza kujua kama panafaa kupeleka watoto.

Panafaa. Nendeni.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupitia kwa wakala mmoja wa mjini. Simtaji. Alitutoza shilingi 45,000 kila kichwa, mtu mzima na mtoto sawasawa, akasema humo kuna kiingilio, boti na chakula cha mchana. Tulikuwa wanne: mimi, binti yangu, na wajukuu wawili, wa miaka kumi na wa miaka sita. Saa mbili asubuhi tukawa tumesimama pale alipotuambia tumsubiri. Akaja saa nne kasoro, mkononi ana chupa mbili za maji, hicho ndicho chakula. Tulipofika getini ikaonekana hajatulipia chochote. Nikalipa upya kwa simu yangu, na nilicholipa kwa watu wanne pamoja na boti hakikufika hata alichokuwa amenitoza kwa watu wawili. Baada ya simu nyingi alinirudishia nusu. Kwa hiyo nawaambia wenzangu: ofisi ya hifadhi ipo Capri Point, pale pale karibu na gati. Fika mwenyewe, omba namba ya malipo, lipa kwa simu, panda boti. Humhitaji mtu wa katikati.

Boti ilikuwa safi na injini haikukohoa hata mara moja. Kilichonifurahisha zaidi ni boya. Kila mtu alivalishwa, na dada aliyekuwa gatini alimfunga kamba yule mjukuu wangu mdogo kwa mikono yake, akaivuta mara mbili, akamwambia aruke aone kama linapanda shingoni. Sisi wa Mwanza tuliokuwepo Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama, tukasimama ufukweni siku nzima tukitazama maiti zikiletwa, hatufanyi mzaha na boya.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Hifadhi nzima, ukijumlisha na maji yake, ni kilomita za mraba 2.18, na ipo ndani ya jiji kabisa. Ilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, ikaja kuwa pori la akiba, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Jina limetokana na mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa na makazi yake huko. Serikali ilimlipa fidia akahama. Naliandika hili la jina kwa sababu sisi watoto wa Igogo tulikuwa na maelezo yetu wenyewe. Tuliamini kinaitwa Saa Nane kwa sababu bomu lilikiangukia saa nane. Tulilisema kwa uhakika, tukawafundisha na wadogo zetu, na hakuna mkubwa aliyetusahihisha. Nilikuwa nimeshaolewa ndipo nikajua habari za mzee Saanane.

Ndiyo, bomu.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Kabla hata hayajavuka, ndege zake zilikuwa zimeshapiga Bukoba. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akatoa ile hotuba ambayo kila mtu wa rika langu anaijua kwa moyo: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Baba aliiweka redio dirishani ili majirani wasio nayo wasikie, na ninachokumbuka ni kwamba watu wazima wote waliokuwa wamekaa kwenye mkeka walisimama, mmoja mmoja, bila kuambiwa.

Baada ya hapo utoto ukabadilika. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita jioni akigonga milango kwa fimbo: zimeni taa! Baba alitundika blanketi dirishani, na koroboi tuliiweka ndani ya debe lililotobolewa upande mmoja, mwanga unaangukia sakafuni tu, wa kutosha kuona sahani. Taa za magari zilipakwa rangi ya bluu ikaachwa sehemu ndogo kama shilingi. Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuwa mgambo. Akaondoka na wenzake, na mama akamfungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa. Shuleni tulichimba mahandaki. Darasa la sita na la saba walichimba kwa majembe, sisi wadogo tukabeba udongo kwa ndoo na karai. Mwalimu akipuliza filimbi, tunakimbia, tunaingia, tunachuchumaa, tunaziba masikio na kufungua mdomo. Mdomo lazima uwe wazi, alisema, ili kishindo kisipasue ngoma za masikio. Masika yalipoanza mahandaki yakajaa maji, vyura wakahamia, na filimbi ikilia wasichana tulikuwa tunaogopa vyura kuliko Amin.

Alikuja pia msichana kutoka Bukoba, kwa meli ya MV Victoria, na mama yake na godoro. Akakaa dawati moja na mimi. Alikuwa hasemi sana. Lakini alikuwa na jambo moja: alisikia ndege kabla ya mtu mwingine yeyote. Tunaandika, mara anaweka kalamu chini na kuinua kichwa, macho ukutani. Tunahesabu kimoyomoyo. Moja, mbili, tatu, nne, mpaka kumi na kitu, ndipo na sisi tunasikia. Mara zote ilikuwa ndege ya kwetu, ya abiria au ya jeshi, na mwalimu aliendelea na somo. Yule msichana ilimchukua muda mrefu kushika kalamu tena.

Siku yenyewe, Machi 29, 1979, nilikuwa jikoni na mama. Nimekaa kwenye kigoda, ungo wa furu magotini. Mliozaliwa baada ya sangara kutawala ziwa hili hamkuwajua furu kama sisi tulivyowajua. Ni samaki wadogo wa kiganja, wa rangi rangi, wana miiba mgongoni inayochoma kama sindano. Unawaparua magamba kwa kisu butu kuanzia mkiani, unatumbua tumbo kwa kucha ya kidole gumba, unatupia kwenye beseni. Mwiba ulikuwa umeshanichoma, kidole kipo mdomoni, nina ladha ya damu na magamba, ndipo nikasikia. Ulikuwa mlio mnene ambao hukujua unatoka wapi. Mwanza ni mji wa mawe, na milima yake huwa inarudisha sauti, kwa hiyo mlio ule ulitoka Bugando, ukatoka Capri Point, ukatoka ziwani, yote kwa pamoja. Mama aliita jina langu mara moja. Halafu kishindo, na ardhi ikanipiga kupitia kigoda. Masizi ya miaka yote yakaporomoka kutoka kwenye kenchi, yakawafunika furu, yakamfunika mama, nikaona macho yake tu na meno. Alinilalia. Nilikuwa nimeziba masikio na mdomo wangu upo wazi kama tulivyofundishwa, masizi yakaniingia mpaka kooni.

Kisha mbwa wote wa Igogo wakaanza kubweka.

Nje watu walikuwa wamepanda juu ya majabali wakitazama ziwani. Habari zikapanda mlima kutoka chini, kila aliyezipokea akizipitisha kwa mwenzake: wamekosa, wamekosa, wamepiga Saanane. Ndege ilikuwa imetumwa kupiga matangi ya mafuta ya mjini, bomu likaenda kuangukia kisiwani. Mtu mmoja alijeruhiwa kidogo tu. Na swala kadhaa walikufa.

Watu walishangilia, na siwalaumu. Wanawake walipiga vigelegele, balozi akasema Mungu ni wa Mwanza. Mimi nililia mpaka nikashindwa kupumua. Mwaka mmoja kabla, ile safari ya darasa la pili, swala mmoja alikuwa amenifuata kwenye ukuta wa mawe akaninusa kiganja, nilikuwa nimekula karanga za chumvi, akanilamba. Ulimi wake ulikuwa mkavu na wa joto, unakwaruza kama jani la msasa. Mwalimu alilazimika kunivuta. Sasa nikawa nauliza kila mtu kama ni yule aliyekufa. Balozi akasema huyu mtoto vipi, mji umepona yeye analilia swala? Bibi yangu, mama yake baba, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabu, akanivuta kwenye khanga yake, akasema: mwacheni ng'wanawane, mtoto wangu, alie. Lile bomu lilikuwa letu.

Jioni ile mama aliwaosha furu maji matatu, akawakaanga, kwa sababu chakula kingine hakikuwepo. Tulikula gizani. Walikuwa wananuka masizi.

Hiyo ndiyo sababu. Nilijiambia sitaweza kwenda kutembea na kupiga picha mahali ambapo wamekufa wao badala yetu, nasi tukapiga vigelegele. Mtu mzima ataona ni jambo dogo. Vita ile iliua watu wengi mno, wa Kagera na wa Uganda, na askari wetu wamelala makaburini Kaboya, kule Kagera, mistari kwa mistari. Nalijua hilo. Lakini mtoto wa miaka tisa anabeba anachoweza kukibeba, na mimi nilibeba swala.

Miaka yote hiyo nilidhani ndege ilikuwa ya Amin. Baba mdogo ndiye aliyenisahihisha. Kampala ilianguka Aprili 11, naye alirudi baadaye sana, amekonda, hataki mlango ufungwe akiwa ndani. Hakusimulia vita. Ila siku moja, nikiwa na mtoto wa kwanza mgongoni, nikataja ndege ya Amin, akasema hapana, ile ilikuwa ya Gaddafi. Amin alisaidiwa na Libya kwa askari na silaha, na ile iliyokuja Mwanza ilikuwa Tupolev Tu-22 ya Walibya. Yeye mwenyewe alipigana nao Lukaya, huko Uganda. Alisema hayo, akainuka akaenda kufunga mbuzi.

Na siku chache baada ya sisi kupigwa, ndege zetu nazo zilikwenda kupiga Kampala, Tororo na Jinja. Hili nililijua kwa mteja wangu, mama mmoja wa Jinja aliyekuwa anakuja mwaloni kununua dagaa kwa magunia. Tulikuwa tunasubiri mzani, tukaanza kuhesabu umri, tukakuta tumepishana miezi. Akaniambia walikimbilia kwenye shamba la miwa, majani yakawakata mikono, na mama yake aliwaziba mdomo wadogo zake wasilie. Nikamwambia sisi tulifundishwa kuuacha mdomo wazi. Tulitazamana. Ziwa ni lile lile moja, yeye upande ule mimi huku. Siku ile nilimpimia gunia likafurika, na yeye hakusema kitu.

Basi, narudi kwenye boti.

Tulishuka gatini kisiwani, na kijana aliyetuongoza, askari wa hifadhi, alikuwa mpole, anaongea na watoto kwanza kabla ya kuongea na sisi. Njia zimesafishwa na zinapanda katikati ya majabali. Vaeni viatu vyenye meno. Ilikuwa imenyesha alfajiri na jiwe la Mwanza likilowa huteleza kama sabuni. Tuliona pimbi wengi, wamejipanga juu ya miamba kama watu kwenye kibaraza. Mijusi, ile yenye vichwa vyekundu, inapiga pushapu kwenye jua, wajukuu wakaiga. Kenge mmoja mkubwa alivuka njia taratibu. Kijana alituonyesha mamba, kwa mbali, na akawaambia watoto kinagaubaga wasisogee ukingoni. Tumbili wataiba ndizi zenu, msiziache juu ya meza.

Swala tuliwakuta mahali pa wazi upande wa nyasi, sita. Nilisimama. Binti yangu anaijua habari hii, akawachukua watoto pembeni. Swala pala akiwa karibu, hatua labda nane, unaona mambo ambayo kwenye picha huyaoni: mistari mitatu myeusi, miwili kwenye mapaja na mmoja mkiani, vishungi vyeusi vya manyoya juu ya kwato za nyuma, na masikio ambayo kila moja linageuka kivyake, moja kwako, lingine ziwani. Jike mmoja alikuwa anacheua, taya linakwenda upande, upande. Nilikuwa nimebeba chumvi kwenye karatasi. Kijana akaniona, akaniambia kwa heshima kabisa, mama, haturuhusu kuwalisha, wanazoea watu halafu wanaumia. Nikairudisha mkobani. Nikamweleza kwa nini nimekuja na chumvi. Hakuniharakisha. Aliniambia babu yake wa Kitangiri alikuwa akisimulia siku ile, na akaniuliza maswali mazuri, ya mtu anayetaka kujua: moshi ulionekana upande gani, kishindo kilikuwa kimoja au zaidi, watu walikuja kisiwani lini baada ya hapo. Kisha akaenda kumwita mwenzake aje asikie, nikasimulia mara ya pili nimekaa juu ya jiwe, nimeelekea mjini. Kutoka pale unaiona Igogo yote, nyumba juu ya nyumba mpaka kwenye mawe ya kileleni, na Bugando nyuma yake. Sikuwahi kuutazama mji wetu kutoka upande ule. Ni karibu mno. Mtu aliye juu ya ndege yenye kasi anahitaji kukosea kidogo tu.

Tukiwa pale ikapita ndege, ya abiria, imetoka uwanjani inakunja juu ya ziwa. Mikono yangu ikaenda masikioni yenyewe. Nilipogeuka, mjukuu wangu wa miaka sita alikuwa amenitazama, naye ameziba masikio yake, na mdomo ameuacha wazi kabisa. Swala waliendelea kula.

Kwa hifadhi natoa nyota tano bila kusita: usafi, boya, adabu ya wahudumu, na vivuli vya kupumzikia ambapo unaweza kula chakula ulichobeba. Kwa yule wakala natoa moja, kwa sababu ya ile nusu aliyoirudisha. Bebeni chakula na maji ya kutosha. Nendeni asubuhi, kabla upepo haujaanza, maana mchana ziwa huchafuka na walio wepesi wa kichefuchefu watapata shida. Saa tatu za kutembea zinatosha kukizunguka kwa raha na watoto.

Nimeshapanga kurudi Juni, mvua zikiisha. Safari hii nataka kwenda na mama. Ana miaka 81 na magoti yanamsumbua, lakini nahodha ameniambia wanawashika wazee mkono pale gatini na si lazima wapande juu ya mawe, swala hushuka wenyewe mpaka chini. Nimempelekea mama habari hiyo. Aliniuliza jambo moja tu, kama kuna kiti chenye egemeo. Kipo.